Jina Alilolificha Nyanya Atiir

Kila asubuhi Awoi aliamka kabla jua halijawa kali. Alifagia ua, akabeba mtungi hadi bombani, kisha akarudi kumwamsha kaka yake Lomuria. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa ngumu. Mtungi hujaa ukiwa na subira, lakini kijana wa miaka kumi na tisa asiye na pa kwenda haamki kwa urahisi.

"Lomuria, amka. Chai inapoa."

"Niamke niende wapi?" alijibu Lomuria bila kufumbua macho.

Nyumba yao ya mabati mtaani Nawoitorong, mjini Lodwar, ilianza kuchemka mapema, na mtu mwenye akili zake hakukaa ndani mchana. Lomuria alikaa. Gari la polisi likipita barabarani, alijisogeza hadi kwenye kona ya nyuma, karibu na magunia. Zamani alikuwa mlinda lango hodari katika uwanja ulio karibu na mto Turkwel. Kisha siku moja askari waliwakusanya vijana wote wasio na vitambulisho, naye akalala korokoroni. Tangu siku hiyo wenzake walicheza mpira bila yeye.

Lomuria hakuwa na kitambulisho kwa sababu mashine ilimkana. Alipotimiza umri alikwenda kuomba kama vijana wengine, akaweka vidole mahali alipoonyeshwa. Afisa aliitazama kompyuta, akamtazama yeye, kisha akaitazama tena kompyuta.

"Wewe umeshaandikishwa," afisa alisema. "Wewe ni mkimbizi. Mtoposa kutoka Kapoeta, Sudan Kusini. Ulikuwa unachukua mgao wa chakula kambini Kakuma."

Lomuria alicheka, akidhani ni mzaha. Aliporudi nyumbani na kumweleza mama yake, Mama Apua hakucheka. Aliketi chini pale pale alipokuwa amesimama, akajifunika uso kwa leso.

Ilikuwa hivi. Mwaka wa ukame mkubwa, Awoi akiwa bado tumboni, mbuzi wote wa nyumba yao walikufa. Baba yao naye akafa kwa homa. Mama Apua alimshika Lomuria mkono wakatembea hadi Kakuma. Huko aliwaona wanawake wa kambini wakipewa mahindi, maharagwe na mafuta, ilhali yeye, mwenyeji wa nchi, hakuwa na punje. Watoposa wa ng'ambo ya mpaka husema lugha iliyo karibu sana na Kiturkana, na mgeni hawezi kuwatofautisha. Kwa hiyo Mama Apua alipanga foleni, na alipoulizwa ametoka wapi, alisema ametoka Kapoeta. Wakachukua alama za vidole vyake na vya mwanawe. Jioni ile walikula wakashiba.

"Nilisema neno moja tu," Mama Apua alilia. "Neno moja, mwanangu, ili usife."

Neno hilo lilikuwa limekaa kwenye kompyuta miaka yote hiyo likimngoja Lomuria akue. Sasa chuo cha uuguzi huko Kitale kilikuwa kimemwita, na kilisema kingemngoja hadi mwisho wa mwezi. Bila kitambulisho hangeweza kujiandikisha, wala kupita vizuizi vya barabarani kuelekea kusini. Turkana ni kubwa, mtu anaweza kutembea siku nyingi asiimalize, lakini kwa Lomuria ilikuwa imekuwa ndogo kama ua wa nyumba yao.

Chifu aliwaonyesha njia moja tu. Lomuria angepigwa msasa na kamati ya wazee huko Kakuma. Wangemwuliza habari za baba yake, za babu yake na za baba wa babu yake: walikaa wapi, walifanya nini, ni nani anayewajua. Wazee wakiwatambua watu hao, afisa angemfuta kijana katika orodha ya wakimbizi. Kusema Kiturkana vizuri hakungemsaidia, maana hata Mtoposa angeweza.

Lomuria hakuwa na wasiwasi. Nani asiyejua habari za Emanikor, baba wa babu? Nyanya Atiir, mama mzazi wa marehemu baba yao, aliwasimulia tangu wakiwa wadogo. Emanikor alikuwa tajiri wa Nakalale. Ngamia wake walipokwenda kunywa maji, vumbi lilifunika jua. Basi Lomuria alisimama mbele ya kamati akayasema hayo yote kwa mbwembwe, na vumbi akaliongeza kidogo.

Mzee mmoja aliyeitwa Aukot alimsikiliza hadi mwisho, amekalia kigoda chake.

"Emanikor wa Nakalale, mwenye ngamia wengi?" aliuliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Mimi nilizaliwa Nakalale. Nawajua matajiri wote wa wakati huo, hata mbwa wao nawajua. Huyo simjui." Mzee Aukot aliwageukia wenzake. "Kijana huyu amefundishwa hadithi."

Walimwambia arudi wiki iliyofuata kwa mara ya mwisho, na safari hiyo alete ukweli. Lomuria alirudi Lodwar akaingia kwenye kona yake. Hata chakula alikuwa akiletewa huko.

Awoi aliumia. Shuleni mwalimu wa Kiswahili alieleza methali ya mkataa kwao ni mtumwa, darasa zima likairudia kwa sauti, naye akahisi kwamba inasemwa kwake peke yake. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amewaza jambo moja: kama Mzee Aukot hakudanganya, na Lomuria hakudanganya, basi kuna mtu mwingine. Alasiri alipotoka shuleni alimkuta Nyanya Atiir mlangoni, akisuka kikapu cha majani ya mkoma.

"Nyanya, naomba nitazame lile sanduku lako la karatasi."

"La nini? Mle mna mende tu."

"Basi nitawafukuza hao mende."

Nyanya alinuna, lakini alivua ufunguo shingoni akampa. Ndani ya sanduku mlikuwa na picha ya baba yao akiwa kijana, kadi za kliniki, na kadi ya ubatizo ya babu iliyokunjwa hadi ikatoboka kwenye mikunjo. Nyanya Atiir hakujua kusoma. Aliitunza kadi hiyo kwa kuwa ilikuwa ya mumewe, wala hakuwahi kumwomba mtu amsomee.

Awoi aliikunjua polepole. Jina la babu lilikuwapo, na jina la baba yake pia, Emanikor. Chini yake, mahali pa kazi ya baba, palikuwa pameandikwa "kibarua". Mahali pa ubatizo palikuwa Ferguson's Gulf.

"Nyanya," Awoi alisema, "Ferguson's Gulf si ni kule Kalokol, kwa wavuvi?"

"Sijui."

"Na kibarua si tajiri."

"Padri aliandika vibaya. Alikuwa mzungu, angejua nini?"

"Nyanya, Lomuria anaozea ndani ya nyumba!"

Vidole vya Nyanya vilisimama. Alikitazama kikapu kana kwamba hakukijua. Awoi aliogopa kwamba amemkosea adabu, akataka kuomba radhi, lakini Nyanya alimwonyesha kwa mkono kwamba aketi.

"Mimi walinicheka," alisema. "Nilipoolewa, wasichana wa rika langu waliniimbia kwamba nakwenda kula nyama isiyo na miguu. Nikaapa kwamba wajukuu wangu hawatachekwa. Wewe unataka wachekwe?"

Kisha akaeleza. Emanikor aliwahi kuwa na mifugo michache, maradhi yakaimaliza. Alitembea hadi ziwani akavuta nyavu za watu wengine na kubeba matenga ya samaki waliokaushwa. Siku hizi mjini Lodwar kila mtu anakula samaki na kulamba vidole, lakini wakati huo wafugaji wengi walimdharau mla samaki. Kiangazi kilipoanza, Emanikor alirudi kwa miguu hadi upande wa Nakalale, akawachimbia matajiri visima ndani ya laga, ule mto wa mchanga ambao maji yake yamejificha chini. Shimo lilipokuwa refu, watu walisimama mmoja juu ya mwingine kwenye vidato wakipokezana bakuli la maji hadi kwenye hori la ngamia. Emanikor ndiye aliyekuwa chini kabisa. Aliteka maji tangu asubuhi hadi jioni bila kuwaona hao ngamia, na ujira wake ulikuwa maziwa.

"Huko hakuna aliyemwita Emanikor," Nyanya alisema kwa sauti ndogo. "Walimwita Lokolia, mtu wa samaki. Alipokufa nilisema jina hilo lizikwe naye."

"Kwa hiyo Mzee Aukot alisema kweli."

"Alisema kweli. Wale ngamia niliwazaa mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu."

Awoi hakumwacha hapo. Alitaka kujua Emanikor alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini, alikuwa na kasoro gani. Nyanya alikuwa amelifunga jambo hilo kwa muda mrefu mno, na sasa maneno yalimtoka yakisukumana.

"Homa ilimharibu masikio akawa kiziwi. Akiwa kisimani, ungemwita hadi ukauke koo. Kwa hiyo watoto walimdondoshea changarawe begani, ndipo akatazama juu. Hata nyumbani, chakula kikiwa tayari, baba yenu alikuwa akimtupia changarawe mgongoni. Mzee aligeuka akicheka." Nyanya naye alicheka, halafu akaanza kulia. "Alikuwa mtu mzuri. Mimi ndiye niliyemwonea haya."

Lomuria aliposikia habari hizo, alitoka kwenye kona yake kwa mara ya kwanza siku hiyo, akiwa amekasirika.

"Nisimame mbele ya watu niseme mimi ni kitukuu wa Lokolia? Wataniita samaki hadi nizeeke!"

"Heri wakuite samaki ukiwa Kitale," Awoi alimjibu, "kuliko wakuite mkimbizi ukiwa nyuma ya magunia."

Lomuria aliitwaa kadi, akaisoma hadi mwisho. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililowakaba wote. Ili Lomuria aaminiwe, Mama Apua naye angelazimika kusimama na kusema mbele ya afisa kwamba alidanganya ili apate mgao. Akinyamaza, mwanawe angebaki amefungwa. Akisema, huenda angefungwa yeye. Siku zile chache zilizobaki Mama Apua aliosha mashuka ya nyumba ya wageni alikofanya kazi, akayaosha tena yaliyokwisha kuoshwa, na hakuzungumza na mtu.

Siku ya kamati ilipofika, Awoi aliombewa ruhusa shuleni, na wote watatu wakaenda Kakuma. Nyanya alibaki kwa sababu ya magoti yake. Walifika mapema, na Mama Apua akawapeleka sokoni kwa Nyibol, mwanamke wa Sudan Kusini aliyekuwa rafiki yake tangu enzi za foleni ya mahindi. Nyibol alikuwa mkimbizi wa kweli, na sasa aliuza chai.

"Mama Lomuria! Karibu, karibu. Hii watoto imekuwa kubwa hivi?" Nyibol aliwakumbatia, akawamiminia chai kabla hawajaagiza.

Mama Apua alimweleza kwa kunong'ona. "Nikisema ukweli watanifunga, Nyibol."

"Labda watafunga, labda hapana. Mimi sijui." Nyibol aliketi mbele yake. "Lakini sasa nani iko ndani? Si huyu kijana?"

Mama Apua aliinamisha kichwa.

"Sikia dada yangu. Hii jina ya mkimbizi, mimi sikutaka. Nyumba yetu ilichomwa, nikakimbia. Leo mtu akiniambia, Nyibol, kwenu ni hapa, mimi nitalia na furaha. Wewe kwenu ni hapa, na unaogopa kusema?"

Mama Apua alimaliza chai yake, akajifunga leso upya, akasimama.

Kamati ilikaa chini ya kibanda cha mabati kisicho na kuta. Watu wengine waliokuwa wakingoja zamu zao walisimama kandokando, na vijana kadhaa walikuja kutazama tu. Kabla Lomuria hajaitwa, Mama Apua alijitokeza mbele.

"Mimi ni Mturkana," alisema. "Mwaka wa njaa nilisema ni Mtoposa ili nipewe chakula. Mtoto wangu hakujua kitu. Vidole vyake nilivishika mimi, nikaviweka kwenye mashine mimi. Kama kuna wa kufungwa, nifungeni mimi."

Afisa aliacha kuandika. Awoi alisikia mabati yakilia kwa joto. Alitamani kukimbia akamshike mama yake, lakini hakuthubutu.

"Kaa chini, Mama," afisa alisema hatimaye. "Kijana, simama."

Lomuria alisimama. Aliwatazama vijana waliokuja kutazama, kisha akamgeukia Mzee Aukot.

"Wiki iliyopita nilisema uongo niliosimuliwa na nyanya yangu, ingawa sikujua ni uongo," alianza. "Baba wa babu yangu hakuwa na ngamia. Alikuwa kibarua. Alivuta nyavu ziwani, alikula samaki, na wakati wa kiangazi alichimba visima Nakalale. Ninyi hamkumjua kwa jina la Emanikor. Mlimwita Lokolia."

Kijana mmoja aliangua kicheko. Mzee Aukot hakucheka. Aliinuka kwenye kigoda chake akamsogelea Lomuria.

"Jina hilo umelitoa wapi?"

"Kwa nyanya yangu, Atiir, aliyeolewa na mwanawe."

"Basi niambie. Lokolia akiwa chini kisimani, sisi watoto tulimwitaje?"

"Hamkumwita, Mzee. Alikuwa kiziwi. Mlimdondoshea changarawe begani."

Mzee Aukot alimshika Lomuria bega. Alipogeuka kwa wenzake macho yake yalikuwa mekundu.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikidondosha," alisema. "Ngamia wa baba yangu walikunywa kwa mikono ya mtu huyo. Siku moja mchanga ulimporomokea, tukamfukua karibu afe. Alipopata pumzi aliuliza kama ngamia wamemaliza kunywa. Huyu ni kitukuu wake. Andika, afisa. Huyu ni wetu."

Wazee wengine waliafiki mmoja baada ya mwingine. Afisa aliandika. Kisha alimwita Mama Apua akamwambia kwamba alilofanya ni kosa na kwamba angeweza kushtakiwa, lakini kwa kuwa amekuja mwenyewe na kusema kweli, angepewa onyo. Jina lake na la mwanawe yangefutwa katika orodha ya wakimbizi. Lomuria alipewa barua ya kutumia hadi kitambulisho kitoke, nayo ingetosha kumfikisha chuoni kabla ya mwisho wa mwezi. Mama Apua aliweka sahihi huku akilia, na safari hii hakujifunika uso.

Mzee Aukot aliwasindikiza nje. Alimsimamisha Mama Apua kivulini.

"Binti yangu, mimi sikulaumu kwa chakula. Njaa ile naijua, nilizika watu. Lakini ulimlisha mtoto kwa uongo, na uongo ule ulikua pamoja naye hadi ukawa mkubwa kuliko yeye. Ungekuja kuusema mapema, asingeteseka hivi." Akawageukia watoto. "Na mkifika nyumbani mwambieni Atiir kwamba mficha uchi hazai. Ngamia wake wa hadithi hawakumfaa mjukuu wake kwa lolote. Aliyemfaa ni kibarua. Mtu akifanya kazi halali kwa mikono yake, hakuna aibu hapo, iwe samaki, iwe mchanga. Aibu ni kumkana. Mmenisikia?"

"Tumesikia, Mzee," Awoi alijibu.

"Wewe ndiye uliyemwuliza nyanya yako?"

"Ndiyo, Mzee."

"Endelea kumwuliza. Sisi wazee hatutakaa hapa milele."

Walishika barabara ya kurudi sokoni kumwambia Nyibol. Mbele yao, kwenye kona, gari la polisi lilikuwa limesimama na askari wawili wameegemea mlango. Awoi alimshika kaka yake mkono kwa mazoea, akaanza kumvuta nyuma ya vibanda. Lomuria aliutoa mkono wake taratibu. Alitembea moja kwa moja hadi pale walipokuwa.

"Ejok, afande," alisalimu kwa sauti.

"Ejok," askari mmoja alijibu, akimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Kijana, wewe ni wa wapi?"

"Wa hapa hapa, afande. Mimi ni kitukuu wa Lokolia."

Askari huyo alikuwa mgeni Turkana na hakujua Lokolia ni nani. Aliitikia kwa kichwa tu, akaendelea na mazungumzo yake. Lomuria hakujali. Alisimama pale juani kwa muda, akiwa hana haraka ya kwenda popote, kisha akawangoja mama yake na Awoi wamfikie.